Raundi ya bonasi katika michezo ya televisheni: je, mshindi ahatarishe alichokwisha kushinda?

#1 Mleta mada

Wakuu, vipindi vya zamani vya mashindano ya televisheni, hasa vya Marekani na Uingereza, sasa vimejaa mtandaoni, na baada ya kuvifuatilia kwa muda nimefikia msimamo ambao ningependa tuujadili kwa hoja. Raundi ya bonasi (ile ya ziada anayoicheza mshindi baada ya mchezo mkuu) iliyo bora ni ile ambayo mshindi anaiingia chake kikiwa tayari mfukoni, hakuna wa kumnyang'anya, na anachogombea ni nyongeza tu. Ile inayomtaka arudishe mezani alichokwisha kukipata ili apewe nafasi ya kikubwa zaidi ni mchezo wa pili uliopachikwa juu ya wa kwanza, na mara nyingi unaufuta ule wa kwanza kana kwamba haukuchezwa.

Mwanzoni raundi ya bonasi haikuwapo kabisa. Tarehe 7 Juni 1955 kituo cha CBS kilianza kurusha The $64,000 Question, kipindi kilichotokana na mchezo wa redio ambao zawadi yake ya juu kabisa ilikuwa dola 64. Kipindi chote kilikuwa ngazi moja: dola 64, 128, 256, 512, kisha 1,000, na kuendelea kujirudufu hadi 64,000. Mshiriki aliyefikia swali la dola 8,000 aliingizwa katika kibanda kisichopitisha sauti, na kila wiki alirudi ama kujibu swali moja zaidi ama kutangaza kwamba anachukua fedha zake na kuondoka. Aliyekosea kuanzia hapo aliondoka na gari la Cadillac, ambalo sijui kama kweli lilikuwa pole au kejeli, maana mtu aliyepoteza maelfu ya dola mbele ya taifa zima alikuwa akikabidhiwa ufunguo huku watu wakimpigia makofi. Mshindi wa kwanza wa kitita kamili, mwezi Septemba mwaka huohuo, alikuwa kapteni wa jeshi la wanamaji, Richard McCutchen, na fani aliyoulizwa ilikuwa mapishi. Miezi michache baadaye mwanasaikolojia Joyce Brothers akashinda kwa maswali ya ndondi.

Twenty-One, kilichoanza NBC mwaka 1956, kilikwenda mbali zaidi. Kila pointi ya tofauti kati ya washindani wawili ilikuwa na thamani ya dola 500, na bingwa akishindwa, fedha za mpinzani wake zilikatwa kwenye limbikizo lake yeye bingwa. Kwa hiyo kila mchezo mpya ulikuwa hatari kwa yale ya wiki zilizopita, na swali la nani abaki na nani aondoke likawa na uzito mkubwa mno kwa watayarishaji na wafadhili. Matokeo yake yanajulikana. Bingwa Herb Stempel aliagizwa akosee swali la filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya 1955, Charles Van Doren akachukua nafasi yake, akajikusanyia dola 129,000, na tarehe 2 Novemba 1959 akakiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa majibu. Mwaka 1960 sheria ya mawasiliano ikarekebishwa na kupanga matokeo ya mashindano ya namna hiyo kukawa kosa la jinai.

Sasa tazameni kilichofuata. Tarehe 2 Oktoba 1961 CBS ilianza kurusha Password, akiongoza Allen Ludden, na humo ndimo wengi wanamoihesabu raundi ya bonasi ya kwanza ya televisheni. Mshindi wa mchezo alipewa sekunde 60 kubaini maneno matano kwa vidokezo vya neno mojamoja kutoka kwa mwenzake maarufu, kila neno likiwa na dola 50. Akiyapata yote ni dola 250, na akikosa yote bado anaondoka na ushindi wake wa mchezo mkuu. Baada ya fedheha ile, wakubwa wa vituo walitaka zawadi ndogo na kanuni zinazoonekana kwa macho, na kwa maoni yangu umaskini huo wa zawadi ndio uliozaa ubunifu. Kama huwezi kuwavuta watazamaji kwa ukubwa wa fedha, unawavuta kwa saa.

Kilele cha njia hiyo ni The $10,000 Pyramid ya Bob Stewart, iliyoanza tarehe 26 Machi 1973 chini ya Dick Clark. Katika raundi ya mwisho, viti viwili vimetazamana. Mmoja wa wawili hao ameupa mgongo ubao wenye visanduku sita vilivyopangwa kama piramidi, vitatu chini, viwili katikati, kimoja juu. Mwenzake anauona ubao, na kazi yake ni kutaja vitu vya kundi fulani mpaka yule wa kwanza alitaje kundi lenyewe. Kama kisanduku kimeandikwa kwa mfano "vitu vinavyofungwa", anaweza kusema "mlango... duka... vifungo vya shati... mzigo...", lakini haruhusiwi kueleza, haruhusiwi kutaja neno lililomo katika jibu, na haruhusiwi kutumia mikono, kiti chake kiliwekewa hata mikanda ya kuzuia viganja. Akiteleza, king'ora kinalia, kisanduku kile kinakufa, na zawadi kubwa inakufa nacho papo hapo. Sekunde 60 kwa visanduku sita. Mtazamaji anaona kila kitu: anaona kosa lilipotokea, anaona muda ulipopotea, na anaona kwamba hakuna aliyemlaghai mtu. Aliyeshindwa hupewa fedha kidogo kwa kila kisanduku alichofungua, na alichokuja nacho hakiguswi.

Nawasilisha.

#2 Mchangiaji

Mleta mada, uzi wako una nyama, lakini hitimisho lako silikubali hata kidogo. Unapoondoa uwezekano wa kupoteza, unaondoa pia uamuzi, na mchezo usio na uamuzi ni mtihani wa shule wenye taa nyingi.

Chukua Bullseye ya Uingereza, iliyoanza ITV mwaka 1981, ambayo Jim Bowen aliiongoza kwa miaka mingi. Washiriki walikuja wawiliwawili, mmoja mrusha vishale na mwingine wa kujibu maswali. Walioongoza hadi mwisho waliulizwa kama wangependa kuziweka rehani zawadi walizozipata kwenye ubao ili wagombee zawadi kuu iliyofichwa. Wakikubali, yule asiyejua vishale anarusha vitatu, kisha mtaalamu anarusha vitatu, na jumla iwe 101 au zaidi. Wakikataa, nafasi inahamia kwa walioshika nafasi ya pili. Vishale sita tu, lakini tazama nyuso zao wanaponong'onezana! Mmoja anafikiria seti ya sahani na televisheni ndogo waliyokwisha kuishinda, mwingine anafikiria gari. Wakishindwa, Bowen anawaonyesha walichokikosa, mara nyingine mashua ya mwendo kasi kwa watu wanaoishi mbali na bahari. Huo ndio utamu wenyewe. Tena miaka ile mamlaka ya utangazaji iliwawekea ITV kikomo cha thamani ya zawadi, kwa hiyo hoja yako ya umaskini wa zawadi inafanya kazi huku pia, ila imezaa kinyume cha unachokisema.

Na Who Wants to Be a Millionaire utaiweka wapi? Tangu tarehe 4 Septemba 1998 Chris Tarrant alipoanza kuiongoza, dunia nzima imeinakili. Kwa kanuni za mwanzo, mtu mwenye pauni 500,000 akikosea swali la kumi na tano alirudi kwenye 32,000, maana yake alipoteza pauni 468,000 kwa sentensi moja. Judith Keppel alipokuwa wa kwanza kuichukua milioni, mwezi Novemba 2000, kwa swali la mfalme gani alimwoa Eleanor wa Aquitaine, watu hawakushangazwa na ujuzi wake wa historia peke yake. Walishangazwa kwamba alithubutu.

#3 Mleta mada

Mkuu, nashukuru kwa hoja nzito. Who Wants to Be a Millionaire naitoa kwenye hesabu kwa sababu haina raundi ya bonasi. Ni mjukuu wa ile ngazi ya 1955, na hata namba ya 64,000 imo humo ikiwa ngazi ya kumi na moja. Tofauti kubwa ni kwamba waliiwekea sakafu mbili, kwenye pauni 1,000 na kwenye 32,000, ambazo mtu akishazivuka hateremki chini yake. Ukizitazama vizuri utaona kwamba sakafu hizo zinafanya kazi ileile ninayoitetea: zinamwambia mshiriki kuna kiasi ambacho ni chake. Ziondoe, na nadhani wengi wangeondoka mapema na kipindi kingekufa.

Kuhusu Bullseye nakubali kwamba nyuso zile zina mvuto. Hata hivyo, jiulize mvuto huo unatoka wapi. Unatoka kwenye majuto ya mtu, na kamera inamsubiri ajute.

Mfano mkubwa wa njia hiyo ni Let's Make a Deal ya Monty Hall, iliyoanza mwishoni mwa Desemba 1963. Mwishoni mwa kipindi, walioshinda zaidi waliulizwa, kuanzia aliyeshinda kuliko wote, kama wako tayari kurudisha walichopata ili wachague mlango mmoja kati ya mitatu. Hapa niseme jambo pembeni, kwa kuwa najua litaibuka: fumbo maarufu la milango mitatu, lile la gari na mbuzi wawili, linalouliza kama ubadilishe mlango wako mwongozaji akishafungua mmoja wenye mbuzi, halielezi raundi hii. Steve Selvin aliliandika mwaka 1975 kama zoezi la uwezekano, na lilipotokea kwenye safu ya gazetini ya Marilyn vos Savant mwaka 1990 likazua barua zipatazo elfu kumi, nyingi zikimshambulia kwa jibu ambalo lilikuwa sahihi. Katika raundi halisi ya mwisho waliochagua walikuwa wawili, kila mmoja mlango wake, na nyuma ya milango yote kulikuwa na zawadi za kweli. Vichekesho, yaani wanyama na takataka, vilikuwa vya mabadilishano ya mwanzoni. Hatari ya mwisho ilikuwa kwamba mlango wako ungeweza kuwa na kitu cha thamani ndogo kuliko ulichokiachia.

Hapo ndipo ninapokwama. Mshiriki alichagua namba moja, mbili au tatu bila taarifa yoyote. Uamuzi uko wapi? Katika Pyramid akili inapimwa, na katika Bullseye angalau mkono unapimwa. Mbele ya milango mitatu hakuna kinachopimwa isipokuwa tamaa.

#4 Mchangiaji mwingine

Nadhani ninyi wawili mnajadili hatari na kusahau adui wa kweli wa raundi ya bonasi, ambaye ni mazoea. Washiriki wakishagundua njia moja iliyo bora, raundi inageuka ibada.

Wheel of Fortune, mchezo wa kuzungusha gurudumu la fedha na kutaja herufi za fumbo la maneno, ilianza Januari 1975 bila raundi ya bonasi, na ilipoipata rasmi, mwishoni mwa 1981, mshindi alichagua konsonanti tano na irabu moja, zikaonyeshwa zilipo kwenye fumbo, kisha akapewa sekunde 15 kulitegua. Kwa muda mfupi tu karibu kila mtu akawa anataja R, S, T, L, N na E, kwa kuwa ndizo zinazojirudia sana katika Kiingereza. Uchaguzi ulikuwapo kwa jina tu. Oktoba 1988 watayarishaji wakaamua kuzitoa bure herufi hizo sita, wakamwacha mshiriki achague konsonanti tatu na irabu moja zaidi, na muda wakaupunguza hadi sekunde 10. Ni marekebisho ya busara kupita yote ninayoyajua katika fani hii, kwa sababu hawakuwaadhibu washiriki kwa kuwa werevu. Waliukubali werevu wao na kuuweka nyuma ya mstari wa kuanzia.

Match Game, mchezo wa kujaza pengo katika sentensi, ilipata tatizo hilohilo kwa sura ya mtu. Mshindi alijaribu kwanza kulinganisha jibu lake na majibu ya hadhira, kwa dola 500, 250 au 100, kisha akachagua msanii mmoja kati ya sita wa kulingana naye neno kwa neno ili kiasi hicho kizidishwe mara kumi. Basi watu wakawa wanamchagua Richard Dawson kila siku, kwa kuwa alikuwa hodari kweli. Mwaka 1978 likaletwa gurudumu la kumchagua msanii kwa bahati, na Dawson akaondoka mwaka huohuo. Gurudumu hilo lilikuwa na sehemu za kurudufu kitita hadi dola 10,000, lakini mimi naona walipoteza zaidi ya walichopata: walitibu mazoea kwa kuingiza bahati nasibu, wakati Wheel of Fortune iliyatibu kwa kupandisha kiwango.

Na asiyeamini kwamba mazoea yana gharama amuulize aliyetengeneza Press Your Luck. Mwaka 1984 Michael Larson, dereva wa gari la aiskrimu kutoka Ohio, alirekodi vipindi nyumbani kwa kanda za video, akagundua kwamba taa ya ubao wenye visanduku 18 ilizunguka kwa ruwaza tano tu, na kwamba visanduku viwili havikuwa kamwe na kikaragosi cha kufilisi. Aliondoka na dola 110,237 za fedha na zawadi, katika kituo ambacho kwa kawaida kiliwawekea washindi kikomo cha dola 25,000. CBS walichunguza, hawakuona kanuni aliyoivunja, wakamlipa.

#5 Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza jambo ambalo hamjaligusa. Mnazungumzia fedha taslimu, lakini vipindi vingi vya zamani vilitoa vitu: samani, safari, magari, makoti ya manyoya. Je, aina ya zawadi haibadilishi mchezo?

#6 Mleta mada

Inabadilisha sana, na swali lako ni zuri kuliko uzi wangu. Vitu vingi vilitolewa na kampuni kwa bei nafuu au bure, zikilipwa kwa kutajwa hewani, ndiyo maana msomaji wa zawadi alikuwa na sauti ya mnadani. Kwa mshindi hesabu ilikuwa nyingine, kwa kuwa Marekani zawadi ni kipato na hutozwa kodi kwa thamani yake. Mtu aliyeshinda gari alitakiwa kutafuta fedha za kulilipia kodi gari hilo, na wapo waliokataa zawadi kwa sababu hiyo tu.

Wheel of Fortune ya mwanzo ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa karibu. Mshindi wa kila fumbo hakupewa fedha alizozizungusha, alipelekwa "dukani". Kamera ilipita juu ya vitu vyenye vibandiko vya bei, uso wa mshiriki ukiwa kwenye pembe ya kioo, naye akahesabu kwa sauti: kabati lile, sasa nimebakiwa na kiasi gani, basi nitachukua taa ile, na zilizosalia nitachukua yule mbwa wa kauri mwenye madoa. Mbwa yule alikuwa mashuhuri kuliko washiriki wengi. Baki alilichukua kama hati ya manunuzi, au aliliweka akiba kwa raundi iliyofuata, na akiba hiyo ilipotea gurudumu likimfilisi. Duka lilifutwa katika toleo la jioni mwaka 1987 na la mchana mwaka 1989, na dakika zilizookolewa zikaenda kwenye mafumbo zaidi. Sioni kama kuna anayelililia duka lile, isipokuwa mbwa.

Mahali pekee ambapo vitu vinazidi fedha ni The Price Is Right, iliyorudi Septemba 1972 na Bob Barker, kwa sababu pale bei ya kitu ndiyo swali lenyewe. Washindani wawili wa mwisho kila mmoja anakadiria jumla ya kundi la zawadi. Anayekaribia bila kuzidi anachukua lake, wakizidi wote hakuna anayepata, na anayekaribia mno anachukua makundi yote mawili. Mwaka 2008 Terry Kniess alitaja dola 23,743, na bei ikawa hiyohiyo kamili; yeye na mkewe walikuwa wamefuatilia kipindi na kukariri bei za vitu vilivyojirudia. Mchangiaji wa mazoea atanisamehe, lakini hapo mazoea yalikuwa ujuzi halali.

#7 Mchangiaji (#2)

Mleta mada, unateleza kama kambale. Katika mashindano hayo ya The Price Is Right, anayezidi bei anapoteza kundi zima, na kabla ya hapo kuna gurudumu kubwa la senti 5 hadi dola 1, ambalo unaamua kuzungusha mara moja au mbili bila kuvuka dola. Wana hisabati wameonyesha kwamba mchezaji wa kwanza kati ya watatu azungushe tena akipata senti 65 au chini yake, na abaki akipata 70. Huo ni uamuzi, una taarifa, una hatari, na hakuna anayedhalilishwa. Unausifu mchezo wa hatari bila kuuita kwa jina lake.

#8 Mchangiaji wa nne

Nadhani mnaweza kupatanishwa na kipindi ambacho hakijatajwa: Card Sharks ya NBC, 1978, iliyoongozwa na Jim Perry. Mshindi wa mchezo mkuu aliweka fedha za ushindi wake pembeni, hazikuguswa tena. Kisha kipindi chenyewe kilimpa dola 200 za kuanzia na safu za karata, naye akabashiri kama karata inayofuata ni kubwa au ndogo, akiweka dau analolitaka kuanzia dola 50. Karata tatu za safu ya chini, kisha anaongezewa dola 200 nyingine, karata tatu za safu ya kati, na moja ya mwisho juu ambayo ilimlazimu aweke si chini ya nusu ya alichonacho.

Fanyeni hesabu: 200 ikirudufishwa mara tatu ni 1,600, ongeza 200, ni 1,800, rudufu mara tatu, 14,400, rudufu mara ya mwisho, 28,800. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu, na kukifikia kulihitaji mtu aweke chote kila mara, jambo ambalo karibu hakuna aliyelifanya, kwa sababu ukipewa nane mkononi hujui uende juu au chini, na karata ikilingana unapoteza. Ukipewa mbili au mfalme unaweka chote bila kufikiri. Kwa hiyo uamuzi ulikuwapo katika kila karata, ukubwa wa dau ulitegemea taarifa uliyokuwa ukiiona, na fedha zilizokuwa hatarini zilikuwa za kipindi, zilizotolewa ndani ya raundi hiyohiyo. Aliyefilisika kwenye karata ya tatu alipewa zile 200 za safu ya kati akaendelea kucheza, na alipotoka pale bado alikuwa na ushindi wake wa mchezo mkuu.